Jongo la Moyo

Siku ya kuniaga mlinipa vitenge viwili, mkanilisha keki, na mmoja wenu akasimama akasema, "Sista Editha ni hazina, lazima aandike." Mkapiga makofi. Hakuna aliyeiuliza hazina yenyewe kama inapenda kuandika. Basi naandika. Habari za vyeo vyangu mtazikuta kwenye faili, mkitaka kusinzia. Mimi nitawaeleza habari ya utando wa moyo, maana ndio ugonjwa ulionichosha kuliko mwingine wowote. Una tabia moja mbaya sana: ukishautibu, unarudi.

Nilikuwa nesi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja hapa Bukoba, ambayo sitaitaja kwa sababu bado natibiwa huko, nilipohamishiwa mradi wa utafiti. Nilifurahi. Nilidhani utafiti ni kazi ya kukaa kwenye kiti. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, ndani yake friza, mashine ya kuzungusha damu, altrasaundi ndogo ya kubebeka, na karatasi za maelezo ambazo kila mgonjwa alipaswa kusomewa kabla hajakubali kushiriki. Magodoro mabovu yaliachwa pembeni. Yalikaa pale mpaka mradi unaisha, kwa sababu hakuna ofisi iliyokiri kuwa ni yake.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Rubafu. Nikamsomea kwa sauti safi: "Utafiti huu unahusu mchango wa mchochota katika ugonjwa wa utando wa moyo unaojirudia." Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa ukurasa. Halafu akasema, "Sista, nisamehe. Hicho Kiswahili ni cha wapi?"

Nikaweka karatasi chini, nikamweleza kwa Kihaya. Nikamwambia moyo unakaa ndani ya mfuko, na mfuko huo wakati mwingine unawaka, unauma, unajaa maji. Mara nyingine unawashwa na kijidudu. Mara nyingine kijidudu kimeshaondoka, lakini mwili wenyewe unaendelea kuwaka. Huko kuwaka ndiko kunakoitwa mchochota, na tunataka kujua kunatoka wapi.

"Sasa mbona hamkuandika hivyo?" akauliza.

Niliomba maneno yabadilishwe. Nikajibiwa kwamba maelezo yalikwishapitishwa na kamati kadhaa, na kubadilisha neno moja ni kuanza upya kwa kamati zote. Kwa hiyo mpaka mradi unafungwa nilikuwa nasoma sentensi ya kwanza kwa ajili ya kamati, kisha nazungumza na mgonjwa kwa ajili ya mgonjwa.

Aliyenifundisha kazi ni Daktari Kamugisha, bingwa wetu wa magonjwa ya ndani, mtu mrefu, mpole kwa wagonjwa na asiyevumilika kwa wafanyakazi. Alinipa kifaa cha kusikilizia moyo, akanielekeza nikiweke kando ya mfupa wa kifua upande wa kushoto, mgonjwa ameinama mbele kama anayepalilia, ametoa pumzi na kuizuia.

"Unasikia nini?"

"Moyo, daktari."

"Moyo hata mlinzi wa getini anausikia. Sikiliza kinachouzunguka."

Ilinichukua muda. Mwishowe nikausikia: mkwaruzo mkavu, kama majani makavu ya mgomba yanayosuguana upepo ukipita kibanjani. Nikaandika kwa furaha. Mchana alikuja daktari mwingine, akasikiliza, hakusikia kitu, akaniangalia kama mtu anayepiga ramli. Mkwaruzo wa utando ndivyo ulivyo. Asubuhi upo, mchana haupo, jioni upo. Nawaambia mapema ninyi mnaobaki: kazi hii itawafanya muonekane waongo mara nyingi.

Swali letu lilikuwa rahisi kulitamka. Huku kwetu, mtu akiletwa ana maji kwenye mfuko wa moyo, jambo la kwanza tunalofikiria ni kifua kikuu, na tuna haki, maana kuchelewa kukitibu kunaua. Anaanzishiwa dawa. Wengi wanapona. Lakini wako waliomaliza dozi vizuri, wakanenepa, wakarudi shambani, na baada ya muda maumivu yale yale yakawarudia. Wanapewa dozi nyingine. Yanarudi. Je, ni kijidudu kilichobaki, au ni mwili uliozoea kuwaka na sasa hausikii amri ya kuzima?

Domitila aliletwa kutoka Muleba, kijiji cha Buganguzi, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari na kichwa chake kikiwa juu ya dashibodi. Hakuweza kuegemea nyuma. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, mama wa watoto watatu, na alikwishameza dozi mbili nzima za kifua kikuu. Alikuwa amekonda hivi kwamba rozari ya shingoni ilionekana nzito. Nilipomsikiliza, majani makavu yalikuwa yanapiga kelele.

Mumewe, Projestus, alikaa pembeni akishika kofia yake magotini. Nikaanza kueleza mambo yangu ya mfuko unaowaka. Domitila akanikatiza.

"Sista, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Watoto warudi au wasirudi?"

Sikuelewa. Projestus akainamisha macho. Ndipo nikaambiwa kwamba tangu aanze dozi ya pili, watoto walipelekwa kwa shangazi yao, huko Kaagya. Nyumbani alitengewa kikombe, sahani na benchi. Mama mkwe alikuwa anafunika pua kwa ncha ya kanga akimletea chakula. Mtoto wa mwisho alipoondoka alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema vizuri, na sasa inasemekana alikuwa anamwita shangazi "mama".

Nilichemka. Nikawaeleza, tena si kwa upole, kwamba aliyemeza dawa zake sawasawa haambukizi watu kwa kupumua nao, na kwamba maji ya kwenye mfuko wa moyo hayarukii sahani. Projestus akanisikiliza vizuri kabisa.

"Nakuelewa, Sista," akasema. "Lakini mbona basi ugonjwa unarudi? Kama umekufa, unarudije?"

Mradi mzima, pamoja na wageni wake wote wa ng'ambo, ulikuwa unatafuta jibu la swali la Projestus.

Daktari Kamugisha alivuta maji kwenye mfuko wa moyo kwa sindano ndefu, mimi nikiangalia ncha yake kwenye altrasaundi na kusali kimoyomoyo. Maji yakapelekwa maabara. Kijidudu hakikuonekana. Yakaoteshwa kwa wiki nyingi, kijidudu hakikuota. Kipimo cha mchochota katika damu, kwa upande wake, kilikuwa juu sana. Damu nyingine ilipaswa kwenda ng'ambo kwa vipimo vikubwa zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kuzeeka. Siku tuliyopaki sampuli kwenye barafu kavu, ukungu ulikaa ziwani na ndege haikutua. Tukarudisha kila kitu kwenye friza. Umeme ukakatika. Jenereta ikawaka, lakini soketi ya chumba changu haikuwa kwenye laini ya jenereta, kwa kuwa kwenye ramani ya jengo chumba changu bado kilikuwa stoo ya magodoro. Nikabeba sampuli kwa miguu yangu hadi maabara, nikipiga kelele watu wanipishe. Majibu ya vipimo hivyo vikubwa yalikuja baadaye sana, yakisema kwa kirefu kile tulichokuwa tumekwishakiona kwa macho.

Kabla ya hayo, daktari alipaswa kuamua. Nakumbuka alivyosimama dirishani kwenye kile chumba changu, akitazama magodoro.

"Nikimpa dawa ya kutuliza mchochota na kumbe kijidudu kimejificha," akasema, "nimekifungulia mlango. Nikimpa tena za kifua kikuu na kumbe hakipo, namtesa bure, na watoto wake wanakulia kwa watu."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamlaza. Nitampa ya kutuliza. Nitamwangalia kila siku, na wewe utanichukia."

Kweli nilimchukia. Kila asubuhi joto, mapigo, altrasaundi, damu. Lakini kwanza dawa yenyewe ilipatikana kwa ugomvi. Mradi wetu ulikuwa wa kupima, si wa kutibu, kwa hiyo dawa zilitoka dirisha la hospitali kama za mgonjwa yeyote. Daktari aliandika ibuprofeni na kolchisini. Nikapeleka cheti. Mfamasia wa zamu akakisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Kolchisini ni dawa ya jongo."

"Najua."

"Wewe umeniletea cheti cha moyo."

"Najua."

"Mgonjwa wako ana jongo la moyo?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikamwambia kwamba dawa ile inatuliza mchochota, uwe wa jongo kwenye kidole gumba cha mguu au kwenye utando wa moyo. Akasema mwongozo wake haukutaja moyo, na kwamba dawa hiyo ikizidi kidogo tu inaua. Hapo alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Daktari Kamugisha akashuka mwenyewe, wakabishana, wakafungua vitabu, na mwisho mfamasia akakubali kutoa vidonge vichache vichache, mimi nikirudi dirishani kila mara kama muumini anayekwenda kitubio. Kuanzia siku hiyo jina likabaki. Hata ninyi mliokuja juzi mnasema "wagonjwa wa jongo la moyo" bila kujua kwamba lilianza kama dhihaka.

Domitila alipata nafuu haraka. Kwanza aliweza kuegemea mto, halafu akalala chali, na asubuhi moja nilimkuta amejilaza ubavu, mkono chini ya shavu, anakoroma. Nilisimama pale nikamsikiliza anavyokoroma. Sijawahi kufurahia mkoromo wa mtu mzima kiasi kile. Alipoamka akaniambia, "Nilisahau kwamba kitanda ni kitu kizuri."

Watoto walirudi. Nilihakikisha mwenyewe, kwa kumpigia simu Projestus mpaka akachoka. Aliniambia yule mdogo alikuwa analia akimtaka shangazi yake, na Domitila anamwacha alie huku akimpikia senene.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Mimi nilidhani. Kwenye mkutano wa mradi nilisimama nikaeleza, wageni wakafurahi, na mmoja akasema Domitila ni mfano mzuri sana. Baada ya muda mfupi mfano mzuri sana aliletwa tena ameinama mbele, majani makavu yakisuguana kifuani.

Nilimuuliza, "Dawa unameza?"

"Nameza."

"Unameza kila siku?"

"Nameza, Sista."

Projestus alikuwa amesimama pale pale. Nikamtuma kantini. Alipotoka tu, Domitila akaanza kulia kwa hasira. Alikuwa ameacha tangu siku nyingi. Dawa ilikuwa inamharisha. Yuko kibanjani anavuna kahawa na mawifi zake, anakimbilia migombani, wanamcheka, wanasema sasa ugonjwa umeshuka tumboni.

"Kila kliniki nilikuuliza habari ya tumbo," nikamwambia. "Kila mara ulisema liko sawa."

"Uliniuliza mbele ya mume wangu. Ulitaka nijibu nini?"

Tukaanza upya. Daktari akapunguza kipimo cha dawa, tumbo likatulia, moyo nao polepole ukatulia. Tokea hapo nikaweka sheria chumbani kwangu: waume, wake na mama wakwe wote nje kwanza. Tafadhali msiiondoe sheria hiyo. Najua inakera watu. Iacheni iwakere.

Huku mambo ya Domitila yakiendelea, sote tuliokuwa mradini tulikuwa tumeshaupenda mchochota. Kila mgonjwa aliyerudi tulisema, haya, mwingine huyo, mwili unajiwakia wenyewe. Ndipo akaja Mugeta, mvuvi aliyetoka upande wa Mara na kupiga kambi visiwani. Nilimfuata mwenyewe kwa boti hadi Bumbire, nikitapika njia nzima, maana alikuwa amekosa kliniki. Nilimkuta mwaloni, boti zinaposhusha samaki, anavuta nyavu kama dume la ng'ombe, uso umejaa, mashavu yanang'aa.

"Nimepona, Sista. Kuna kidonge hapa dukani ni kiboko."

Kidonge chenyewe kilikuwa prednisoloni. Muuza duka alimpa, na kikiisha alinunua tena, kisipokuwepo aliacha ghafla na kuanguka. Kidonge hicho kinatuliza kila kitu kwa haraka, pamoja na askari wa mwili wanaopigana na kijidudu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, mwishowe nikakaa juu ya nyavu zake nikakataa kuondoka mpaka akapanda boti.

Bukoba, vijana wa mradi walisema ni mchochota tu, apunguziwe kidonge taratibu, aongezwe kolchisini. Hata mimi niliona hivyo. Daktari Kamugisha akasema atavuta maji kwanza. Tukanung'unika. Mgonjwa amechoka, maji ni machache, hatari ya nini? Akavuta. Kijidudu cha kifua kikuu kilikuwamo, tele.

Hakutusuta. Alisema tu, "Huyu ana vyote viwili. Moto na anayeuchochea." Kisha akaenda kunawa.

Mugeta akaanza dawa za kifua kikuu, akapata nafuu, akaniahidi kwa jina la mama yake kwamba atazimaliza. Samaki wakahama, naye akahama. Namba ya simu aliyoniachia ilikuwa ya rafiki yake. Nilipopiga nikaambiwa yuko kisiwa kingine, halafu kingine, halafu rafiki mwenyewe akabadilisha laini. Nilipeleka ujumbe kwenye zahanati za visiwani na kwa wachuuzi wa dagaa. Sijui kama yu hai. Vijana, mtu akiwaambia utafiti umefanikiwa, muulizeni amepotelewa na wangapi, na kama anayakumbuka majina yao.

Mradi ukafungwa. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya friza, wakaondoka na friza. Kipimo cha mchochota kilikuwa kinaletwa na mradi, kwa hiyo nacho kikaisha. Domitila wakati huo alikuwa anapunguziwa dawa kidogo kidogo, na namna salama ya kupunguza ni kupima damu kwanza uone kama mwako umekwisha. Nikaandika kuomba tubakiziwe angalau vipimo vichache. Nikajibiwa kwa heshima kubwa kwamba ombi langu limepokelewa. Nadhani bado limepokelewa.

Tukabaki na masikio. Kila alipokuja kliniki nilimwinamisha, nikafumba macho, nikasikiliza. Nikisikia kimya, daktari anapunguza kidogo. Nikisita, tunangoja. Mara moja nilisikia kitu kama jani moja, daktari hakukisikia, tukabishana mpaka Domitila akasema, "Nyie amueni, mimi nina ndizi kwenye moto nyumbani." Tulingoja. Misimu ya kahawa ikapita tukiwa kwenye kazi hiyo. Daktari Kamugisha akahamishwa akiwa amemfikisha kwenye dozi ndogo kabisa, na daktari aliyemfuata akaandika kwamba sasa aache. Nilikaa nikisubiri arudi ameinama. Hakurudi. Nikastaafu nikiwa bado nasubiri.

Mwezi uliopita nilialikwa Buganguzi kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wake wa mwisho, yule aliyekuwa akimwita shangazi "mama". Sasa amemzidi mama yake urefu. Projestus alinipokea barabarani, akanikalisha mbele na wazee wa kanisa, jambo lililonikosesha raha. Domitila alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, ameshika mwiko, anaamrisha mawifi wale wale. Nilimfuata. Akanikumbatia na moshi wake wote.

"Kifua?" nikauliza.

"Kimya. Nimesahau hata kilikuwa kinauma wapi." Akageuza ndizi, akafunika sufuria, akanitazama. "Ma Editha, nilitaka kukuuliza siku nyingi. Kwa nini kiliacha?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kwa nini kinarudi. Miaka yote ile, sampuli zote zile, kamati zote zile, swali lilikuwa hilo. Kwa nini kinaacha, hatukuwa tumeuliza. Mtu akipona tulimfuta kwenye ratiba, tukamtakia heri, tukaita mwingine.

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui?"

"Hakuna anayejua. Tulikuwa tunachukua damu ya wanaoumwa."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. "Ee waitu! Damu yote ile mliyoninyonya! Sasa mlisoma nini?"

Nami nikacheka, lakini si sana. Nikamwambia kwamba kama ingekuwa amri yangu, ningechukua damu yake sasa hivi akiwa mzima, na ya wengine waliotulia kama yeye, tuone ndani yao moto ulizimwa na nini. Aliacha kucheka. Akafikiri, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Wale vijana wako wa hospitali wana sindano?"

"Wanazo."

"Basi nitakwenda. Lakini nisikae foleni."

Mradi mpya hamna, najua. Kamati bado, bajeti hamna, friza yenyewe hamna. Ombeni, andikeni, sumbueni watu, si ndiyo kazi mliyoichagua? Wakati mnangoja, mpokeeni, mwandikeni jina lake na njia ya kumpata, na mwulizeni yote mnayoweza kuuliza bila friza, mkianza na tumbo, Projestus akiwa nje. Atakuja Jumanne kwa basi la asubuhi. Atakuwa na mkungu wa ndizi, msijaribu kuukataa. Na msimweke kwenye benchi lile la korido mkaenda kunywa chai, maana ni mzima sasa, ana kazi zake, na ataondoka.